AHADI ZA MATAIFA: SOMO KUTOKA MPAKA WA SONGWE

Katika Sura An-Nahl, aya ya 93, Kurani Tukufu inatupigia mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua mwenyewe ukarudi kuwa nyuzinyuzi zisizofaa kitu. (Katika hesabu yetu Bismillahi ni aya ya kwanza ya sura, katika misahafu mingine aya hiyo ni ya 92.) Papo hapo aya inataja kosa linalokusudiwa: watu kuvifanya viapo vyao kuwa hila baina yao, kwa kuwa taifa moja limeonekana lina nguvu kuliko taifa jingine.

Yafaa tuyatafakari sana maneno hayo ya mwisho. Watu wengi hudhani ya kuwa ahadi huvunjwa kwa hasira au kwa usahaulifu. Kurani Tukufu inatufahamisha kwamba ahadi za mataifa mara nyingi huvunjwa kwa hesabu: watawala hutazama nani amepanda na nani ameshuka, kisha huhama upande. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na hauna kabila wala rangi.

Baadhi ya ndugu walioingia katika Uislamu karibuni, na wengine ambao wangali wanachunguza, huuliza: Je, mafundisho haya ni ya watu wawili wanaouziana ng'ombe tu, au yanazihusu pia serikali na majeshi yake? Na kama yanazihusu, mtu wa kawaida afanye nini nchi yake inapogombana na nchi ya jirani? Haya ni maswali ya haki. Tutayajibu kwa kutazama mahali panapojulikana, yaani ukanda wa Tunduma na Songwe, ambako wasomaji wengi wamepita au wanaishi.

MPAKA ULIVYOCHORWA

Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa, wilayani Mbozi. Mji wa Tunduma umeshikana na Nakonde ya Zambia, hata mgeni aweza asitambue mara moja kwamba amefika ukingoni mwa nchi. Upande wa Ileje, Mto Songwe unaitenga Tanzania na Malawi kabla ya kushuka Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Huo si ule Songwe mwingine unaopeleka maji yake Ziwa Rukwa. Na humo humo Ileje ndimo mipaka ya nchi tatu inapokutana.

Watu wa pande hizi ni ndugu. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde. Walambya na Wandali wako Ileje na wako Chitipa ya Malawi. Mpaka haukuwekwa na wazee wao. Uliwekwa na Uingereza na Ujerumani katika mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, kisha ukapimwa na kuthibitishwa kwa mapatano mengine ya mwaka 1901. Waliokuwa wakilima na kuchunga hapo hawakuulizwa neno. Tena mto wenyewe hautulii. Mara kwa mara Songwe umehama mkondo wake, na mkulima aliyelala katika nchi moja ameamka shamba lake liko ng'ambo.

VITA VYA WENYEWE KWA WENYEWE WA ULAYA

Matunda ya mpaka huo yalionekana upesi. Katika Ziwa Nyasa palikuwa na meli mbili za serikali: Gwendolen ya Waingereza, iliyoongozwa na Rhoades, na Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyoongozwa na Berndt. Manahodha hao wawili walikuwa marafiki. Tarehe 13 Agosti 1914, Rhoades aliifikia meli ya mwenzake ilipokuwa ikitengenezwa katika bandari inayoitwa leo Liuli, akaipiga mizinga. Berndt hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Urafiki wa miaka ulikatwa na simu iliyotoka Ulaya.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo watu walipigana na kuuana Karonga. Miaka minne baadaye, mwanzoni mwa Novemba 1918, jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilipita ukanda huu, likaishambulia ngome ya Waingereza ya Fife, karibu na Nakonde ya leo, likashuka hadi Kasama. Habari za kusimamishwa kwa vita zilimfikia kwenye Mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba alisalimisha silaha huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala.

Ndugu msomaji, ni akina nani waliopigana? Askari walio wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Waliobeba mizigo nao walikuwa Waafrika, na wapagazi wengi mno walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Hivyo ugomvi ulikuwa wa wengine, na makaburi yakawa yetu.

BAADA YA UHURU

Mtu aweza kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya wakoloni, na kwamba Waafrika walipojitawala hila zilikwisha. Historia haisemi hivyo.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Malawi na Zambia mwaka 1964. Mwezi wa Julai 1964, huko Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, wakiogopa kwamba kila nchi ikianza kudai ardhi ya jirani, vita havitakwisha. Hata hivyo majirani hawa watatu hawakufuata njia moja.

Wazungu wachache wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibanwa, kwa kuwa njia zake za bahari zilipita kusini. Tanzania ikamfungulia mlango. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China tangu 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Tunduma ikawa mlango wa taifa zima la jirani.

Malawi ilishika njia nyingine. Mwaka 1964 mawaziri kadhaa waligombana na Dakta Kamuzu Banda, na baadhi yao wakakimbilia Tanzania na Zambia. Mwaka 1967 Malawi ilifunga uhusiano wa kibalozi na serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini. Yafaa tuwe waadilifu: Malawi haikuwa na bahari, reli yake ilipita Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, na vijana wake wengi walifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini. Lakini kwa Tanzania, iliyokuwa ikiwahifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji, jambo hilo lilikuwa sawa na jirani kulala na adui.

Katika mwaka huo huo wa 1967 ugomvi wa ziwa ulidhihiri. Tanzania ilisema kwamba mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa kwa maziwa mengi. Malawi ilishikilia mapatano ya 1890, yaliyoutaja ufuko wa Tanzania kuwa ndio mpaka. Mwaka 1968 Banda alidai hata sehemu za nchi kavu za majirani zake.

Tazama sasa jinsi hesabu zilivyogeuka. Mwaka 1973 Rhodesia ilifunga mpaka wake na Zambia, na Zambia ikakataa kuipita tena njia hiyo. Lakini Oktoba 1978, kwa shida ya mizigo iliyokwama, Rais Kaunda aliifungua upya njia ya kusini, na rafiki zake Nyerere na Samora Machel hawakupendezwa. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1979, askari wa Rhodesia walilipua daraja la reli kwenye Mto Chambeshi.

Tarehe 16 Machi 1984 Msumbiji na Afrika Kusini zilitia saini mapatano ya Nkomati, kila mmoja akiahidi kutowasaidia waasi wa mwenzake. Mwaka 1985, nyaraka zilizopatikana katika kambi ya Renamo huko Gorongosa zilionyesha kwamba Afrika Kusini iliendelea kuwasaidia waasi. Huo ndio uzi uliosokotwa mbele ya watu na kufumuliwa gizani.

Kisha Septemba 1986 Machel, Kaunda na Mugabe walikwenda Blantyre kumshinikiza Banda aache kuwapa nafasi waasi wa Renamo. Mwishoni mwa mwaka huo Malawi na Msumbiji ziliagana juu ya usalama, na mwaka 1987 askari wa Malawi walikuwa wakiilinda reli ya Nacala. Wakati huo huo askari wa Tanzania walikuwa Zambezia wakiisaidia serikali ile ile ya Msumbiji. Majirani waliotazamana kwa jicho la shari miaka 20 walijikuta upande mmoja. Na mizigo ya Malawi, iliyokosa njia ya Msumbiji, ikaanza kupita Dar es Salaam na Mbeya.

Ugomvi wa ziwa ulirudi mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani. Maneno ya vita yalisikika, watu wa mwambao wakaingiwa na hofu, kisha shauri likapelekwa kwa wazee waliokuwa marais wa nchi za kusini mwa Afrika, wakiongozwa na Joaquim Chissano. Miaka kumi baadaye mwafaka wa mwisho ulikuwa haujapatikana, lakini hakuna risasi iliyopigwa baina ya majeshi hayo mawili kwa ajili ya maji hayo.

Na hapa pana jambo la ajabu. Mwaka 2013, wakati shauri la ziwa lingali mezani, Tanzania, Malawi na Afrika Kusini zilipeleka askari wao katika kikosi kimoja cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo. Novemba 2018, katika mapigano karibu na Beni, askari wa Malawi aitwaye Chancy Chitete alimwona askari wa Tanzania amejeruhiwa, akaenda kumwokoa. Mtanzania akapona, na Chitete akafa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa marehemu nishani yake ya juu ya ushujaa. Mtu huyo hakuuliza kwanza mpaka wa ziwa unapita wapi.

UISLAMU WAFUNDISHA NINI?

Baada ya kuyaona hayo, tuyapime kwa mafundisho. Mambo manne yanadhihirika.

Jambo la kwanza: Ahadi hutimizwa hadi muda wake, hata kwa mtu tusiyempenda. Sura At-Tauba, aya ya 4, inaamuru kwamba washirikina waliofungamana na Waislamu, na wasiovunja wala kumsaidia adui, watimiziwe ahadi yao mpaka mwisho wa muda. Mwaka 628, huko Hudaibiya, Mtume Muhammad s.a.w. alikubali sharti gumu kwamba atakayetoroka Makka kuja kwake bila ruhusa ya walii wake atarudishwa. Wino haujakauka, akaja Abu Jandal, Mwislamu aliyeteswa, akiburura minyororo na kuomba ahifadhiwe. Masahaba walilia. Mtume s.a.w. alimnasihi asubiri, akamrudisha, kwa sababu ahadi ilikwisha fungwa.

Jambo la pili: Anayeona dalili za khiyana asijibu kwa khiyana. Sura Al-Anfal, aya ya 59, inafundisha kwamba ikihofiwa hiana ya watu, mapatano yarudishwe kwao waziwazi, pande zote zijue. Katika vitabu vya Hadithi imepokewa kwamba Muawiya alikuwa na mapatano na Warumi, akawa anasogeza jeshi karibu na mpaka wao ili muda ukiisha tu awashambulie. Sahaba Amr bin Abasa r.a. alimjia juu ya farasi akipaza sauti kwamba yapasa kutimiza, si kuhini, akamweleza agizo la Mtume s.a.w. Muawiya akarudi na jeshi lake. Ahadi ilikuwa haijavunjwa kwa herufi, ila roho yake ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na hilo lilitosha kuwa dhambi.

Jambo la tatu: Dini moja au kabila moja si ruhusa ya kuvunja ahadi. Aya ya 73 ya Sura hiyo hiyo inasema kwamba Waislamu walio mbali wakiomba msaada kwa ajili ya dini, wasaidiwe, isipokuwa dhidi ya watu ambao pana mapatano nao. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, Libya ilimpelekea askari, na walikuwapo waliotaka vita hivyo vionekane kuwa vya dini. Lakini Waislamu wa Tanzania walikuwa miongoni mwa walioilinda nchi yao, na walikuwa na haki. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba ndugu dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa mkono wake usidhulumu.

Jambo la nne: Mlango wa sulhu usifungwe. Aya ya 62 ya Al-Anfal yaamuru kwamba adui akielekea kwenye amani, nasi tuelekee huko. Na Sura Al-Hujurat, aya ya 10, inaweka utaratibu: makundi mawili yakipigana, wengine wawapatanishe, mmoja akidhulumu, azuiwe na wote kwa pamoja, naye akirudi, suluhu iwe ya uadilifu, wala pasiwe na kisasi. Aya hii inataja makundi ya waaminio, lakini kanuni yake yafaa kwa mataifa yote. Suluhu isiyo na uadilifu ni vita vilivyoahirishwa.

JIBU KWA MWENYE SHAKA

Mpinzani aweza kusema: Dunia haiendi hivyo. Anayeshika ahadi huliwa na anayevunja.

Twajibu kwamba Uislamu haufundishi ujinga. Aya ya 61 ya Sura Al-Anfal inaamuru nchi ijiandae kwa nguvu iwezavyo ili adui asithubutu. Kujiandaa ni jambo moja, na kuhini ni jambo jingine. Pili, tutazame matokeo. Mapatano ya Hudaibiya yalionekana kuwa hasara. Waislamu waliokwenda huko walikuwa kama 1,400. Watu walipokaa kwa amani na kusikilizana, wengi waliamini. Kisha Bani Bakr, washirika wa Makureshi, waliwashambulia Khuzaa, washirika wa Mtume s.a.w., na Makureshi wakawasaidia washirika wao kwa siri. Waliovunja walikuwa wao. Mwaka 630 Mtume s.a.w. aliingia Makka na watu 10,000, akawasamehe. Aliyetimiza alipata zaidi ya aliyehini.

Na katika mpaka wetu, ni kitu gani kilichobaki? Serikali ya ubaguzi iliyotia saini Nkomati haipo tena. Rhodesia iliyolipua daraja haipo. Reli iliyojengwa kwa kuaminiana baina ya majirani ingalipo. Mwaka 2017 Tanzania na Malawi zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Mto Songwe, ili mto unaohama ushughulikiwe na wote wawili. Tarehe 5 Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa na marais wa Tanzania na Zambia. Hata hivyo kazi haijaisha. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikijibu vizuizi vilivyowekwa dhidi ya mazao yake. Baada ya siku chache zuio liliondolewa ili kupisha mazungumzo. Wakubwa walirudi mezani, lakini ndizi na nyanya haziwezi kungoja mezani. Hasara ya siku hizo ilikuwa ya mkulima na mchuuzi.

WAJIBU WA MWENYE KUAMINI

Sasa turudi kwenye swali la mtu wa kawaida. Yeye hatii saini mapatano ya mataifa. Je, amesalimika? La. Kuna mambo yaliyo mikononi mwake.

Kwanza, atii sheria za nchi anamoishi. Anayepitisha magendo usiku kwa njia za panya, kisha asubuhi akalaani hila za serikali, anafumua uzi ule ule kwa kidole kidogo.

Pili, achunguze habari. Sura Al-Hujurat, aya ya 7, yaonya dhidi ya kuipokea habari ya mtu asiyeaminika bila kuipima, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Uvumi wa kwamba jirani anakusanya jeshi umewahi kuwasha moto mkubwa kuliko jeshi lenyewe. Siku hizi uvumi hufika kwa simu kabla ya chai ya asubuhi.

Tatu, aseme haki hata juu ya upande wake. Sura Al-Maida, aya ya 9, inakataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Mtu wa Ileje aweza kuamini kwamba hoja ya nchi yake kuhusu ziwa ni ya kweli, na bado akakiri kwamba Mmalawi naye anayo karatasi ya kuonyesha.

Nne, asikate udugu. Mwenyezi Mungu amesema katika Al-Hujurat, aya ya 14, kwamba alitufanya mataifa na makabila ili tujuane. Mnyamwanga anayekwenda kumzika shangazi yake Nakonde anaitekeleza aya hiyo, ajue asijue.

Sura Bani Israil, aya ya 35, yasema kwamba kila ahadi itaulizwa. Haikubagua ahadi ya mfalme na ahadi ya mchuuzi. Serikali huundwa na watu, na watu waliozoea kudanganyana sokoni hawawezi kuzaa wajumbe waaminifu mkutanoni. Kwa hiyo anayetaka mpaka wenye amani aanze na neno lake mwenyewe: deni alipe kwa siku aliyosema, kipimo akijaze, na siri aliyoaminiwa aihifadhi.

Mwenyezi Mungu awajaalie watawala wa nchi zetu kushika ahadi zao, awajaalie majirani kukaa kwa uadilifu, na atulinde sisi sote tusiwe kama yule aliyefumua uzi wake baada ya kuukaza. Amin.